Ziwa la Mwanaume

Faida mutoto wangu, mama yangu wa pili,

Barua hupaswa kuanza kwa kusema sisi huku tuko wazima, sijui wewe huko. Lakini wewe huko ni nyuma ya ukuta huu wa mbao. Ninakusikia unacheka na mama yako na wale majirani waliokuja kukuaga, na mwiko unagonga sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo. Kwa hiyo najua uko muzima. Juu ya hali yangu mimi, utaikuta chini, na usirukie huko. Soma kama mutu anayekula samaki mwenye miiba.

Mwandiko huu usikushangaze. Nilisoma kwa mapadri mpaka darasa la tatu, na mwalimu alisema mbele ya wote kwamba herufi zangu zinasimama kama askari. Wale wengine walioendelea mpaka la sita hawakuwahi kusifiwa hivyo. Leo herufi zimelala kidogo. Sababu nayo iko chini.

Ninaandika kwa kuwa mimi na wewe jambo hili hatuwezi kuliongea kwa mudomo. Jana tulijaribu. Ulisema neno moja, nikasema kumi, ukafungua sanduku lako ukaanza kutoa nguo moja moja na kuzitundika tena kwenye kamba, zote za kwenda kusoma Kampala, hata ile sweta mupya. Mama yako akatoka nje akisema, "Kila mumoja anangoja mwenzake akuwe wa kwanza kunyamaza. Mutazeeka hapo." Karatasi haijibu. Ndiyo uzuri wake.

Sitakuambia mambo ya kutunza paspoti, wala ya kutokula ovyo njiani. Mama yako amekwisha kukuambia, na kesho atayarudia mpaka kwenye barieri ya mupaka. Mimi nina yangu.

Kwanza ninataka kunyoosha ile habari ya ziwa, maana watu wa mutaa wetu wa Majengo wameiharibu. Wamekuambia kwamba baba yako aliingia katika mukutano wa wanawake akitafuta bibi wa pili. Uongo. Nilikwenda kwa akili zangu zote, na nilikuwa na sababu.

Unakumbuka tulipokimbia Masisi mara ya pili, tukakaa kambini Lac Vert. Ulikuwa mudogo, lakini yule mbuzi mweupe unamukumbuka. Asubuhi tulimukuta katika shimo, mwili wote hauna jeraha, amekufa. Ilikuwa mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mahali pa chini. Haina harufu, haina kelele, mutoto akiinama tu kuokota kitu, amekwisha. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa ninaonyesha watu mahali pa kutotandika. Hata wazungu wa mahema walikuwa wananiuliza kabla ya kupigilia misumari yao. Halafu volkano ikashuka, na kila mutu hapa Goma akaanza kusema kwamba hewa ya namna ile imejaa chini ya ziwa Kivu, siku moja itapanda itumalize.

Sasa siku ile mutu wa megafoni akapita katika avenue yetu: "Kesho saa tatu, kwenye uwanja wa kanisa, mafunzo juu ya ugonjwa ya ziwa! Ugonjwa ya ziwa inaua kimya kimya! Mwanzo haina maumivu! Inakaa ndani siku mingi, mutu hajue! Wote mukuye!"

Niambie wewe uliyesoma. Mutu aliyezika mbuzi Lac Vert angesikia nini hapo? Katika luga yetu ziwa ni ziwa. Lile la mayi na lile la mama, neno moja. Aliyelitunga hakunifikiria mimi.

Nikavaa koti langu la harusi. Nikamupitia rafiki yangu Kasereka, muuza maharagwe, yule Munande wa Butembo ambaye tangu tujuane hajashinda bishano hata moja mbele yangu. Akasema, "Miye ninabaki kwa duka." Nikamwambia, "Gazi ya ziwa ikikuua, haya maharagwe yako utauzisha nani huko juu?" Akafunga duka.

Tukafika. Wanawake watupu. Kasereka akanivuta koti. "Muzee, turudi. Hapa haiko mambo yetu." Nikamwambia wanaume wa muji huu ni wavivu, ndiyo maana hawakuja kusikia habari ya kufa kwao. Nikaenda kukaa benchi ya mbele, kwa sababu sijawahi kukaa nyuma mahali popote. Yeye akabaki kusimama karibu na ukuta kama mutu anayengojea moto, ile pikipiki ya kumurudisha nyumbani.

Muuguzi aliyefundisha ni mama Asifiwe, yule mufupi mwenye sauti ya kwaya. Akaanza kwa kuuliza, "Nani hapa anajua ziwa yake vizuri?" Wanawake wakainamisha vichwa. Mimi nikasimama.

"Miye hapa," nikasema. "Na siyo moja. Ninajua maziwa yote ya hapa, kubwa na ndogo. Ingine nimeishika na hii mikono yangu tangu niko kijana."

Faida, vile vichwa vyote vikainuka. Halafu ukapasuka mucheko ambao sijawahi kuusikia, hata wakati wa harusi. Mama mumoja ilibidi afungue mutoto mugongoni ili asimuangushe. Asifiwe alikuwa anapangusa macho na kitambaa cha kichwa. "Papa," akasema, "tunasema ziwa ya mwili. Hii." Akajigusa kifuani.

Mutu mwingine angetoka. Mimi? Kutoka ni kukubali. Nikasema, "Nilijua. Nilikuwa ninawafungulia mukutano na furaha." Nikakaa. Huko ukutani Kasereka alikuwa amefunika uso na kofia.

"Basi papa abaki," Asifiwe akasema. "Na ni vizuri. Wanaume pia wanaipata, hata kama ni wachache." Wanawake wakaguna, hawakuamini. Nami sikuamini. Mwanaume ana ziwa gani? Ana kifungo tu, kama shati. Lakini akaanza kuonyesha namna ya kujipapasa na vidole vitatu, kuzunguka, polepole, mpaka chini ya kwapa, na wote walikuwa wananiangalia kuona kama nitaogopa. Nikaingiza mukono chini ya koti.

Upande wa kushoto, nyuma ya chuchu, kulikuwa kitu. Kama haragwe moja, gumu, kimeshikamana. Nilikibonyeza, hakikuuma. Nikakibonyeza tena. Nikaacha kucheka, na hakuna aliyeona, ila Asifiwe.

Watu walipotoka akanifuata. "Papa, umepata kitu."

"Nimepata joto ya hii koti."

"Papa."

"Ni mufupa."

"Mufupa haikuwe pale, papa. Kuya uone dokteri."

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa wewe hesabu mwenyewe: kama ningekuwa mutu mupole, ningeona wale wanawake nigeuke nirudi nyumbani, na lile haragwe lingeendelea kukaa pale bila mutu kulijua. Kwa hiyo mama yako asiniambie tena kwamba ubishi wangu haujawahi kufaa kitu.

Uliona mwenyewe nilipowaambia. Mama yako akasema, "Sasa utanyonyesha nani?" Ukacheka, nikacheka, yeye mwenyewe akaenda kucheka jikoni, na hakurudi mpaka chakula kikaungua. Kasereka naye, tangu siku ile, akiniona anapita anasalimu, "Mama Faida namba mbili, habari ya nyumba?" Nimemuacha. Ni ushindi wake mumoja tu.

Dokteri alisema tufanye ekografi, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili, halafu achukue kipande kidogo cha nyama na sindano ili kipimwe. Nikamwambia, "Damu mutoe hata ndoo. Nyama yangu hapana." Watu katika avenue walikuwa wamekwisha kuniambia kwamba kitu kama kile kikiguswa na chuma kinakasirika na kutembea mwili wote. Wewe ulisema sivyo. Lakini waliosema ndivyo walikuwa wengi kuliko wewe.

Damu ulinitoa wewe mwenyewe, kule labo unapofanya kazi. Nilitazama ile chupa ndogo ikijaa, na nilijivuna, nikiona rangi yake nyeusi nzuri. Mukaituma kwa mashine ya mbali ili itafutwe ile protini inayotupwa katika damu na ugonjwa wa ziwa. Jibu likarudi: iko chini ya mustari, mahali inapotakiwa kukaa.

Siku hiyo nilitembea Majengo yote. Nilisimama mbele ya duka la Kasereka nikasema kwa sauti, damu ya mutu wa Masisi imetoka safi, nani anataka ya kuongezewa? Nilikunywa soda ya bure mara mbili. Nilikuwa nimemaliza kesi.

Wewe hukufurahi. Nilikuona, nikakasirika. Nikasema moyoni, mutoto huyu amesoma mpaka amesahau kushukuru.

Juma hili ulinikuta nyuma ya nyumba ninaosha mitungi ya maziwa. Ukachuchumaa karibu nami kama ulivyokuwa unafanya ukiwa mudogo kule Masisi, ukauliza kwa sauti ya utii, na mimi mujinga nikafurahia utii ule.

"Papa, ng'ombe akiwa na chuchu moja mugonjwa, maziwa katika ndoo inaonekana namna gani?"

"Nzuri."

"Juu ya nini?"

"Zile tatu zinaficha ile moja."

"Na wewe unajua namna gani?"

"Jiwe jeusi," nikasema. "Nilikufundisha mimi mwenyewe, umesahau?"

Ulikuwa hujasahau. Katika Masisi yote ilijulikana kwamba fomaji yangu, ile jibini ya maziwa ya ng'ombe, haivimbi. Lakini sikuwahi kukuambia nilivyojifunza, na sasa nitakuambia, kwa kuwa unaondoka. Nilipokuwa kijana nilikuwa ninaangalia ndoo tu. Ninainama, ninaona weupe, ninanusa, ninasema sawa. Musimu mumoja fomaji zote za ghala zikavimba, zikawa na mashimo na uchungu. Nikamutukana aliyeniuzia chumvi. Nikamutukana mama yako aliyekuwa bibi harusi bado. Nikatukana mvua. Halafu siku moja ninakamua, tone la kwanza likaanguka kwenye jiwe la volkano nililokuwa ninakalisha muguu, na juu ya ule weusi nikaona vipande vidogo kama unga wa muhogo. Katika ndoo nyeupe nisingeviona kamwe. Tangu hapo kila chuchu inapita kwenye jiwe peke yake kabla ya kuingia katika ndoo. Nilikwenda kumuomba radhi mutu wa chumvi. Mama yako bado ananidai.

Basi nilipokwisha kukujibu, ukasema:

"Damu ni ndoo, Papa."

Nikaacha kuosha.

"Mwili yote inamwaga vitu yake ndani ya damu," ukasema. "Kitu kama haragwe inatoa protini yake kidogo tu, inapotea katikati ya ingine. Kile kipimo, madokteri wanakitumia zaidi kufuata mutu ambaye ugonjwa yake inajulikana tayari, waone kama dawa inaishinda. Mwanzoni inaweza nyamaza. Kunyamaza haiko kusema hakuna kitu. Na siku ingine inapanda kwa mutu asiye na kansere hata kidogo. Kipande ya nyama, ile ndiyo jiwe jeusi."

Nikasema, "Mimi siko ng'ombe."

Ukasema, "Ng'ombe angekuwa amekubali."

Ulinichapa na fimbo yangu mwenyewe, mutoto wangu. Sikukuambia wakati ule, lakini lilikuwa pigo zuri. Ningekuwa ninalitazama likimupata Kasereka, ningepiga makofi.

Badala yake nilifanya ninayoyafanya siku zote. Nikapaza sauti. Na jana ukasema huendi. Ukasema huwezi kwenda kutafuta ugonjwa katika damu ya watu usiowajua wakati baba yako amekaa juu ya ugonjwa wake kama kuku juu ya yai. Ndipo sanduku likafunguliwa.

Sasa nikuambie habari ya kupaza sauti. Vita ya kwanza ilipofika kwetu mulimani, majirani walianza kuondoka kabla ya risasi hata moja. Walisema mbwa wa kijiji cha chini wamenyamaza tangu jana, na watu wa soko hawakupanda. Mimi nikawacheka. Nilisimama katikati ya njia nikawauliza kama sasa tunakimbia mbwa. Nilisema nitaondoka nikiona moshi kwa macho yangu. Nao moshi nikauona, kweli, ukitoka kwenye nyumba ya tatu kutoka yetu. Tulifika Mugunga na sufuria moja na wewe mugongoni kwa mama yako. Wale wa mbwa walifika na ng'ombe zao.

Miaka yote nimesimulia habari hiyo kama mutu shujaa aliyeondoka wa mwisho. Umeisikia mara ngapi? Leo isikie upande wa ng'ombe.

Leo asubuhi nilikuambia ninakwenda Mugunga kumuona ng'ombe wetu. Sikwenda. Nilikwenda hospitali. Kasereka alinisindikiza, kila mumoja kwenye moto yake, kwa sababu anasema mimi ninaongea sana mugongoni.

Nililala pale. Dokteri alinichoma dawa ya ganzi, nikaanza kumufundisha namna ya kufinya fomaji. Alipoingiza ile sindano nene, ikalia tak, kama mutu anavunja kijiti kikavu. Nikamwambia aendelee, fomaji inahitaji uvumilivu. Ikalia tena. Alisema hajawahi kupata mugonjwa anayeongea namna ile. Nikamwambia hatapata mwingine. Lakini wewe nitakuambia ambalo sikumuambia dokteri: niliogopa. Niliogopa kuliko kule barabarani Sake tulipolala chini usiku kucha. Kule niliwaogopea ninyi, na ukiogopea wengine unapata kazi ya kufanya. Hapa nilikuwa nimelala tu. Kasereka alinishika muguu kwenye kifundo, hakusema mzaha hata mumoja, na hilo liliniogopesha zaidi.

Wamenifunga bandeji kifuani. Mukono wa kushoto haupendi kuinuka, hauwezi kushika karatasi vizuri, na karatasi inatembea. Ndiyo sababu askari wangu wamelala. Nimevaa koti nyumbani muchana wote na hamukuona kitu, wewe mutu wa labo na mama yako mutu wa kuona yote.

Kwa hiyo neno lako la jana limekwisha. Ulisema huendi mpaka nichukuliwe kipande. Kipande kimechukuliwa, kiko katika chupa yake. Ukimaliza kusoma hapa, toka nje, ondoa nguo kwenye kamba, zirudishe katika sanduku. Endelea kusoma baadaye.

Nilipokuwa ninangoja katika korido nilikuwa ninafikiri juu ya kazi unayokwenda kuifanya. Siku moja nilikuuliza: kama damu ni ndoo, unaenda kutafuta nini ndani yake? Ukasema mutatafuta namna ya kuisoma ndoo vizuri zaidi. Siyo protini moja peke yake. Nyingi pamoja, kila moja na neno lake dogo, ili ugonjwa ujulikane kabla ya kuwa mukubwa wa kushikika na vidole. Ukasema bado haijakamilika, watu wengi wanatafuta, wengine wamefurahi mapema wakakosea.

Sikukuambia wakati ule kwamba mimi kazi hiyo nimeifanya. Usicheke. Kule Mugunga, wakati wa kugawa mashuka na maharagwe, walikuwa wanakuja watu wa muji wakijifanya wakimbizi wa mulima wetu. Wakubwa wa kambi wakanichagua mimi niwatambue. Mwanzo nilikuwa ninauliza swali moja: jina la chefu, mukubwa wa kijiji chetu, ni nani? Baada ya siku mbili kila mwizi wa Goma alikuwa analijua. Ndipo nikabadilisha. Nikawa ninauliza vitu vidogo vingi. Mayi mulikuwa munachota wapi wakati wa kiangazi? Katekista alikuwa anachechemea muguu gani? Nani alikuwa anauza chumvi? Kila swali peke yake si kitu, mutu anaweza kubahatisha. Lakini yakikaa pamoja, mutu wa kwetu anajitokeza, na mwizi anaanza kutazama viatu vyake. Waambie maprofesa wako huko Kampala kwamba njia yao ilianza Mugunga, na aliyeianza ni baba yako.

Lakini waambie na hili. Kulikuwa mwanamuke mumoja mudogo, mwenye mimba. Nilimuuliza ya mayi, hakujua. Nilimuuliza ya katekista, hakujua. Nikamuondoa kwenye mustari, nikajivuna kwamba nimemukamata mwingine. Alikuwa wa kwetu. Alikuwa ameolewa katika kijiji chetu juma lile lile tulipokimbia, hakuwa amepata hata wakati wa kwenda kuchota mayi. Alilala kwenye mawe bila shuka, na mvua ilinyesha. Bwana yake alinieleza kesho yake, bila kunitukana, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Maswali yangu yalikuwa mazuri, Faida. Alikuwepo tu mutu ambaye hayakutengenezwa kwa ajili yake. Kwa hiyo siku mutakapopata kipimo chenu na mukaanza kushangilia, wewe ukae kidogo bila kushangilia, umutafute yule ambaye damu yake haikujua kujibu. Huenda ni mwanaume. Huenda ni muzee mubishi ambaye hakuna aliyefikiri kumuuliza.

Sina mengine ya kukufundisha. Kusoma umenipita, kubisha tuko sawa.

Limebaki moja. Tulipomaliza, dokteri aliuliza: jibu likifika, baada ya majuma machache, limufikie nani kwanza? Unajua nyumba hii. Habari zote hupita kwangu, nzuri na mbaya, kisha mimi ndiye ninayewagawia ninyi, na wakati mwingine ninakata kipande cha katikati nikibaki nacho. Nikamwambia dokteri, lifikie mutoto wangu Faida. Nikamupa namba yako. Akaniuliza mara ya pili, akifikiri sikuelewa. Nikamujibu mara ya pili.

Kwa hiyo utajua mbele yangu. Utakuwa huko mbali, utakuwa unajua kilicho katika kifua changu, wakati mimi niko hapa ninafinya fomaji na kumutukana Kasereka. Ni muzigo, ninajua. Nimekupa wewe kwa sababu ndiwe pekee katika nyumba hii usiyeogopa kunikatalia.

Usipande bas urudi kuniambia uso kwa uso. Usimupigie mama yako kwanza. Atanichinjia kuku na nitajua. Usiniambie "Papa, haiko mbaya sana." Nipigie mimi. Unisalimu vizuri kama inavyotakiwa, kwa sababu hata siku hiyo nitakuwa baba yako, halafu useme neno lenyewe kama lilivyo. Kama ni kitu cha bure, nitatembea tena Majengo yote. Kama ni kile kingine na wakisema wakate, watakata. Nitabisha kidogo, unanijua. Nitasema madokteri hawajui kitu, nitasema mashine imechanganya yangu na ya mutu mwingine, nitapaza sauti mpaka majirani watoke nje.

Wewe usikate simu. Ungoje tu nimalize.

Ni mimi baba yako, nimeandika peke yangu, kwa mukono mumoja.